Mganga Aliyeitwa Tatu

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1965, mashua iliyovuka Ziwa Tanganyika usiku kutoka Kigoma ilifika Kibamba, kijiji cha mwambao kusini mwa Baraka, katika nchi ya Fizi, mashariki mwa Kongo. Wakashuka wanaume kumi na wanne. Walikuwa Wacuba, wengi wao weusi, waliochaguliwa hivyo makusudi ili wasijulikane upesi kuwa ni wageni. Kiongozi wao alitambulishwa kwa jina la Moja. Aliyemfuata aliitwa Mbili. Mwingine alikuwa Mzungu mwenye pumu, ndevu amezinyoa, na waasi wa Kibamba waliambiwa kwamba huyo ni daktari anayejua Kifaransa, hivyo atawasaidia pia kutafsiri. Huyo ndiye Tatu.

Wacuba walijipa majina kwa kufuata hesabu ya Kiswahili, namba baada ya namba, hata daktari wao mwingine akawa Kumi. Kikosi kikiitwa majina, ilikuwa kama mchungaji anayehesabu mbuzi wake jioni. Mtu wa pwani angeshangaa zaidi, maana kwao Tatu ni jina la mwanamke. Lakini mpango wenyewe ulikuwa na akili. Mpelelezi anayejua kazi yake humtafuta namba moja. Nani atajisumbua na namba tatu, mganga wa kugawa vidonge?

Mganga huyo alikuwa Ernesto Che Guevara, hadi juzi waziri wa viwanda wa Cuba, ambaye tangu Machi mwaka huo hakuwa ameonekana hadharani na magazeti ya dunia yalikuwa yakiulizana yuko wapi. Udaktari wake haukuwa wa kubuni, aliusomea Buenos Aires, na ndiyo maana uongo ule ulikaa vizuri mwilini mwake. Mwongo stadi huchukua kweli moja ndogo akaiweka mbele ya kweli kubwa anayotaka kuificha.

Nasimulia habari hii ya vita katika makala kuhusu kicheko kwa sababu sijapata kisa kingine cha pande zetu kinachoonyesha vizuri hivi kwa nini watunzi wa vichekesho hawawezi kuishi bila waongo. Miezi saba ya Tatu huko Fizi ina kila kitu ambacho jukwaa hukiomba: mkubwa aliyejificha, mkuu asiyefika, jenerali mwenye kofia ya ajabu, dawa isiyokosea kamwe. Ina maiti pia, na hapo ndipo kisa hiki kinapoachana na jukwaa.

Tuanze na mtu wa kwanza kuambiwa siri. Wacuba walikuja wakiongozwa na Antoine Chamaleso, mjumbe wa siasa wa waasi. Siku chache hazikupita Tatu akamwita pembeni akamwambia yeye ni nani hasa. Che mwenyewe alisimulia baadaye jinsi bwana huyo alivyoishiwa nguvu: alirudia na kurudia kwamba hii ni kashfa ya kimataifa, akasihi kwamba mtu mwingine yeyote asijue. Kisha akashika njia ya kurudi Dar es Salaam kumpasha habari Laurent-Désiré Kabila, mkuu wa vita vya upande huu, ambaye naye hakuwepo: alikuwa Cairo.

Kuanzia hapo Kibamba ikawa na hadhira ya watu wachache mno. Wacuba walijua. Chamaleso alijua, tena alikuwa mbali. Wengine wote, wapiganaji waliokuja na homa zao, vidonda vyao na maumivu ya tumbo baada ya pombe ya usiku, walimwona Mzungu mganga na basi. Makamanda wadogo walimjibu wapendavyo. Hebu mfikirie Víctor Dreke, huyo Moja, ambaye mbele za watu lazima amwamuru mtu ambaye angemsikiliza kwa kusimama wima. Kila amri aliyoitoa ilikuwa mchezo, na mchezaji mwenzake alikuwa ndiye bwana wake.

Kuna hadithi ya Sungura isimuliwayo pande nyingi za Afrika Mashariki, na sisi wenye ziwa lenye viboko na mlima juu yake tunaielewa bila maelezo. Sungura anamwendea Tembo, anamwambia: nina nguvu kukushinda, tuvutane kwa kamba. Anamwendea Kiboko, anasema vilevile. Ncha moja ya kamba inafungwa mlimani, nyingine majini, kichaka katikati. Wakubwa wawili wanavutana kutwa nzima, kila mmoja akistaajabia misuli ya Sungura, naye Sungura amelala kivulini.

Msimulizi akituficha nani yuko upande wa pili wa kamba, tunapata kitendawili, na jibu lake litatufurahisha mara moja tu. Msimulizi mzuri hutuambia mapema. Hapo kila mtweto wa Tembo unakuwa kicheko kipya, kwa sababu tunaona ncha zote mbili naye anaona moja. Kwa maoni yangu siri yote imelala hapo: uongo wa kuchekesha hauna watu wawili tu, mwongo na mdanganywa. Unataka na shahidi, na shahidi ndiye anayecheka. Mwondoe shahidi, kinachobaki ni wizi.

Warusi wana igizo linalofanana na Kibamba lakini kinyume chake. Nikolai Gogol alilileta jukwaani mwaka 1836, na Christon Mwakasaka akalitafsiri kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali, likatoka mwaka 1979. Wakubwa wa mji mdogo wanapata habari kwamba mkaguzi anakuja kwa siri kutoka mji mkuu. Hofu inawashika, maana kila mmoja amekula. Basi kijana mmoja asiye na kitu, anayedaiwa pesa za chakula hotelini, wanamdhania kuwa ndiye. Wanampa rushwa, wanamlisha, meya yuko tayari kumwoza binti yake. Kijana hakuwadanganya mwanzoni. Walijidanganya, yeye akakubali tu kufuata.

Gogol alimchukua mtu bure watu wakamfanya mkubwa. Kibamba alikuja mkubwa, watu wakamwona mtu bure. Lakini utaratibu wa ndani ni mmoja: macho huona kile ambacho moyo unakingojea. Mji wa Gogol ulingojea adhabu. Waasi wa Fizi walingojea silaha, fedha, na wakuu wao waliokuwa wakiishi ng'ambo ya ziwa. Mganga mwenye pumu hakuwa katika orodha ya vitu vilivyongojewa, kwa hiyo hakuonekana.

Aliyengojewa hasa ni Kabila. Karibu kila siku kambi ilipata habari kwamba anakuja: si leo, kesho bila shaka, ikishindikana kesho kutwa. Mei ikapita. Mnamo Juni, Mitudidi, kiongozi pekee aliyekuwa amefika na kuanza kuweka mambo sawa, akafa maji ziwani. Kabila alikanyaga Kibamba tarehe 7 Julai. Watu wakafurahi, akatembelea vikosi, akazungumza vizuri, kwani alikuwa na kipaji hicho. Baada ya siku chache akamwambia Tatu kwamba mkuu mwenzake wa uasi, Soumialot, amefika Kigoma, lazima aende wakaonane, atarudi kesho yake. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti cha mbao mbele ya igizo anajua kwamba neno hilo halikukusudiwa kutimia. Wapiganaji nao walijua. Che aliandika kwamba mara tu ilipojulikana kwamba mkuu ameondoka, kazi zililegea.

Angalia jinsi nafasi zilivyobadilika. Mwongo mkubwa wa Kibamba, yule aliyejificha chini ya namba, sasa amekaa kwenye benchi la wadanganywa pamoja na kila mtu. Vichekesho vyote vizuri vina mgeuko huu. Mwongo hachekeshi sana anapofaulu. Anachekesha anapokutana na mwongo mwenzake ambaye hakumtarajia.

Waasi wa kawaida nao walikuwa na ucheshi wao, na Che aliunukuu kwa uchungu. Walipoambiwa wabebe mizigo kupandisha mlimani walijibu kwamba wao si lori. Wacuba walipobeba wenyewe ili kuonyesha mfano, jibu likapata umbo jipya: wao si Wacuba. Hicho ni kichekesho cha watu waliokwisha kuona ncha zote mbili za kamba.

Mwezi Agosti Tatu alifika Fizi yenyewe, kule juu, na Baraka. Alitaka kuona ulinzi wa mahali hapo. Badala yake alipewa gwaride. Jenerali Moulana, mkuu wa Fizi, alivaa mavazi yake ya vita kumpokea, na kichwani aliweka kofia ya mwendesha pikipiki iliyofunikwa ngozi ya chui. Carlos Coello, kijana Mcuba aliyekuwa akiitwa Tumaini, akampa hapo hapo jina la mwanaanga. Napenda sana picha hii, na si kwa kumcheka Moulana peke yake. Ngozi ya chui ni alama ya ukubwa kwa Wabembe na majirani zao. Kofia ya pikipiki ni alama ya usasa. Jenerali alijaribu kuvaa enzi mbili kwa pamoja. Aliyesimama mbele yake akisalimu kwa heshima naye alikuwa amevaa mtu asiye yeye. Kati ya wawili hao, ni nani aliyejipamba kwa uongo zaidi? Tofauti ni kwamba tunamjua mmoja tangu ukurasa wa kwanza.

Sasa dawa. Waasi wa mwaka 1964 walioitwa Simba, wale walioteka Uvira mwezi Mei na Stanleyville mwezi Agosti, walikwenda vitani wakinyunyiziwa maji ambayo yangegeuza risasi kuwa maji. Mama Onema alivuma kwa kazi hiyo. Fizi ilirithi imani ileile, na kila kikosi kilikuwa na mganga wake. Masharti yalijulikana: usimguse mwanamke, usichukue kisicho chako, usiogope. Aliyepigwa risasi alikuwa amevunja sharti, na kwa kuwa hakuna askari asiyeogopa, dawa haikuweza kushindwa katika mjadala.

Uongo huu una ustadi kuliko wa Tatu, lakini ndani yake hauchekeshi. Umejifunga pande zote. Hauachi dirisha ambalo shahidi angechungulia. Mganga mwenyewe huenda aliamini. Vichekesho vya uganga, ambavyo tunavyo vingi, huhitaji kwanza kutupeleka nyuma ya pazia, tumwone mganga akichanganya unga na majivu huku akipiga chafya. Askari wa 1965 hakupelekwa nyuma ya pazia. Shahidi wake alikuwa risasi.

Tarehe 29 Juni waasi, Wanyarwanda waliokuwa pamoja nao, na Wacuba walishambulia kituo cha umeme cha Bendera. Walishindwa vibaya. Wengi wa waliopaswa kupigana walikimbia, Wacuba wanne wakauawa, na lawama ikamwangukia mganga: dawa yake ilikuwa dhaifu. Kilichofuata kingekuwa mzaha kama si miili ile. Wapiganaji walikuwa wamekatazwa kwenda na karatasi yoyote ya kuwatambulisha, lakini katika vitu vya Mcuba mmoja aliyeuawa maadui walikuta shajara. Majina ya namba, mashua za usiku, ngozi zilizochaguliwa, yote yakafumuliwa na daftari la mtu aliyetaka kukumbuka siku zake. Mike Hoare na mamluki wake, waliopigania serikali, wakajua kwamba wanapigana na Wacuba. Bado hawakujua Tatu ni nani.

Hilo nalo halikudumu. Tarehe 3 Oktoba, mjini Havana, Castro alisoma hadharani barua ya kuaga ya Che. Dunia ikajua kwamba ameondoka Cuba kwenda vitani, hata kama haikuambiwa wapi. Che alilalamika baadaye kwamba barua ile ilimweka mbali na wenzake: walianza kumwona kama mgeni. Mganga wa namba tatu alikuwa karibu nao kuliko shujaa. Waigizaji huwa na hadithi za namna hii, za mtu anayependwa zaidi akiwa amevaa kinyago.

Mwishoni mwa Septemba Hoare alikuwa amepita ziwani kwa mashua na kushuka Baraka. Mji ulipigana siku kadhaa, kwa nidhamu iliyomshangaza Hoare mwenyewe, kisha ukaanguka; Fizi ikafuata. Usiku wa tarehe 21 Novemba Tatu alipanda mashua kurudi Kigoma, akiwaacha ufukweni wapiganaji waliotaka kupanda na hawakuwa na nafasi. Hapa simcheki mtu. Katika igizo mdanganywa huondoka na aibu tu, akarudi nyumbani kula. Wale wa ufukweni hawakuwa na nyumba.

Akiwa amejificha katika ubalozi wa Cuba mjini Dar es Salaam, Che aliandika kitabu cha miezi ile, akikiri tangu mstari wa kwanza kwamba ni habari ya kushindwa. Kilifichwa karibu miaka 30. Ukikisoma leo unakuta kicheko kikavu kila baada ya kurasa chache, na anayekuja kuchekwa mara nyingi ni mwandishi mwenyewe. Amekuwa shahidi wa uongo wake.

Kulikuwa na shahidi mwingine, kijana. Freddy Ilanga alikuwa na miaka 16 hivi alipoambiwa amfundishe Mzungu Kiswahili. Hakumpenda mwanzoni, alimwona mtu mwenye macho ya dhihaka. Alikaa naye miezi yote ile, akamfundisha maneno, akamtafsiria, na ni baadaye tu alipojua amekuwa akimsahihisha nani. Mwisho wa vita alipelekwa Cuba. Akasoma udaktari, akawa mpasuaji wa mishipa ya fahamu, akafariki huko mwaka 2005. Mganga aliyejificha alikuwa amezaa daktari wa waziwazi.

Watu wa Fizi walibaki na Kabila. Mwaka 1967 alianzisha chama cha mapinduzi ya watu, PRP, na makao yake milimani yakaitwa Hewa Bora. Alikaa huko miaka mingi, dhahabu na pembe zikipita katika njia zake, akiwaongoza watu kwa kitabu na kwa hofu. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wake walivuka ziwa wakawateka nyara watafiti wanne wa sokwe huko Gombe, wakalipwa fidia. Sijakutana na mtu aliyelitungia jambo hilo kichekesho.

Wakati huohuo, upande mwingine wa nchi, waigizaji walikuwa wamegundua namna ya kucheka chini ya utawala wa Rais Mobutu. Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kilicheza kwa Kiswahili cha Katanga, bila maandishi, kila mchezaji akitunga maneno yake papo hapo juu ya mpango waliokubaliana. Mwaka 1986 mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian aliwafuatilia wakiandaa mchezo kuhusu mamlaka na ulaji, akautolea kitabu mwaka 1990. Mchezo ulihusu chifu wa kijijini na wazee wake wa baraza. Hakuna aliyemtaja rais, wala haikuhitajika. Kijiji kilikuwa kinyago cha nchi, hadhira ilijua, na mkubwa wa serikali aliyeketi mbele alipaswa kuchagua: acheke pamoja na watu, au akasirike na kukiri kwamba amejiona. Uongo umehama hapa. Si mhusika anayemdanganya mhusika. Mchezo mzima unamdanganya mwenye rungu, na benchi la nyuma ndilo shahidi.

Mwaka 1996 vita viliwatoa watu wa Fizi kwa maelfu wakavuka ziwa hadi Kigoma, katika kambi kama Nyarugusu. Waliporudi kwa meli kupitia Baraka, kuanzia 2005, walirudi na Kiswahili kilichonyooka kidogo na ladha ya vichekesho vya Tanzania, vya King Majuto wa Tanga, yule mzee mwenye tamaa anayetunga uongo ambao mtoto wa miaka sita ameshauona. Nadhani haikuwa ajabu kwamba walimpenda. Mzee anayeahidi asichokuwa nacho walikuwa wamewahi kuishi naye.

Maana Kabila, katika miaka ya mwisho ya themanini, alitoweka milimani, na wengi wakaamini amekufa. Kujifanya maiti ni hila ya zamani mno. Sungura huitumia kila msimu. Kumbe aliyeitwa marehemu alikuwa akiishi na kufanya biashara, na mwezi Oktoba 1996 akaibuka kuwa msemaji wa AFDL, muungano wa waasi ulioundwa Lemera, milima ya kaskazini mwa Uvira. Tarehe 17 Mei 1997 majeshi yake yakaingia Kinshasa, naye akajitangaza rais. Mtu aliyesema atarudi kesho alikuwa amechelewa miaka 31.

Tarehe 16 Januari 2001 mlinzi wake alimpiga risasi ofisini. Ubelgiji ikatangaza kwamba amefariki. Kinshasa ikasema rais yu hai, amepelekwa nje kutibiwa. Mtu ambaye alihesabiwa maiti akiwa mzima sasa alihesabiwa mzima akiwa maiti, kwa muda wa siku mbili, hadi serikali ilipokubali tarehe 18. Siku nane baadaye mwanawe Joseph aliapishwa kushika nafasi yake. Wasifu wake rasmi unasema alizaliwa Hewa Bora, nchi ya Fizi, mwaka 1971, na kwa miaka yote 18 ya utawala wake wapinzani hawakuchoka kudai kwamba hata hilo limebuniwa.